Karanga za Bi. Somoe na Safari ya Waziri

Ilikuwako nchi, na kama haikuwako, basi kuna watu wengi wamenenepa bure. Msiniulize jina lake. Jina lilikuwako, limeandikwa kwenye bango kubwa pale mpakani, halafu gari moja likaligonga bango, na mpaka leo wageni wakifika wanaona nguzo mbili na shimo katikati. Wanajua wamefika.

Watu wa nchi hiyo walikuwa maskini kwa namna ya kawaida. Walilima karanga, wakala karanga, wakauza karanga, na kila mmoja aliweka pembeni karanga za kupanda mwaka ujao, hata kama tumbo linalia. Walikwenda kwa miguu na walifika. Hakuna aliyejua kuwa hilo ni tatizo, mpaka Mkuu wa Wakuu aliposafiri ng'ambo.

Huko ng'ambo alikwama barabarani asubuhi nzima. Mbele gari, nyuma gari, kulia gari, kushoto basi limejaa watu wamelala. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alilia kwa wivu. Aliporudi, hata koti hajavua, akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Nimeyaona maendeleo kwa macho yangu mawili, na yalikuwa yamesimama! Kila mtu ndani ya gari lake, kafunga kioo, anapiga honi, haendi popote. Na sisi hapa? Tunatembea ovyo ovyo, tunafika tunakokwenda kabla hata ya kuchoka. Aibu! Taifa lisilo na foleni ni taifa lisilo na pa kwenda!"

Watu walipiga makofi, maana kutopiga kulikuwa na adhabu yake.

Foleni ya kwanza ikazinduliwa kwa kukatwa utepe. Magari yakaletwa kwa meli kutoka nchi zilizokwisha kuyachoka, yakatapikwa bandarini yakiwa na kutu na harufu ya mbwa wa watu wengine. Maksai wa kulimia akabadilishwa na gari. Shule zikabomolewa ziwe maegesho. Na ili wananchi wapate mfano mwema, ikatungwa Sheria ya Nyayo: kiongozi yeyote ambaye unyayo wake utagusa udongo, cheo chake kimekwisha hapo hapo. Wakawa wanashuka kwenye gari juu ya zulia, wanaingia ofisini juu ya zulia, wanarudi garini juu ya zulia.

Aliyeipenda sheria hiyo kuliko wote ni Waziri wa Magari, Mheshimiwa Chuwachuwa. Kwenye mikutano alikuwa akivua viatu jukwaani, anainua miguu juu ya meza, na wananchi wanapita kwa mstari kutazama nyayo za uongozi safi. Zilikuwa laini, nyeupe, zimevimba kidogo kama maandazi ya jana. Akina mama waliambiwa wapige vigelegele. Walipiga, huku wamegeuza uso.

*

Katika kijiji kimoja kiitwacho Nambweta aliishi mjane, Bi. Somoe Mtupa. Alikuwa na shamba la karanga kando ya barabara, wajukuu watano waliofiwa na wazazi, na mdomo. Shamba liliwalisha wajukuu. Mdomo ulimletea shida.

Mheshimiwa Chuwachuwa alipofika Nambweta kuhimiza kila kaya iwe na gari, alimaliza hotuba akasema, "Kuna swali?" kwa ile sauti ya mtu anayefunga mlango. Bi. Somoe akasimama.

"Mheshimiwa, langu dogo tu. Mimi nikila karanga zote, mwaka ujao sina cha kupanda. Sasa haya mafuta mnayoyatia kwenye magari, huko yanakotoka, nani anayapanda?"

Uwanja mzima ukacheka. Aliyecheka zaidi ni jirani yake, Mfaume, kwa sababu wiki ile alikuwa ametoa maksai wake wawili akapewa gari la bluu lisilo na mlango wa kushoto.

"Bi. Somoe bwana! Unataka mafuta yalimwe kwa jembe?"

"Cheka, Mfaume. Maksai wako walikuwa wanakula majani. Huyo wa bluu anakula nini?"

"Anakula lami, shemeji!"

"Basi tutaona akishiba."

Waziri akainua mkono. "Swali zuri sana," akasema. Katika nchi ile, maana yake ni kwamba hakuna atakayelijibu. "Serikali itaunda Tume."

Tume ya Mustakabali wa Mafuta iliizunguka dunia. Kila ilikofika ilikuta tume za nchi nyingine zimetangulia, maana kila nchi nayo ilikuwa imeamua kila raia wake awe na gari, na kila moja ilidhani ni ya kwanza kuwaza hivyo. Wote walikuwa wamechomeka mirija yao kwenye kisima kimoja, kila mmoja anamsifu mwenzake kwa kunyonya. Tume zikala pamoja, zikanawa pamoja, zikapiga picha. Ripoti iliposomwa bungeni ilisema hivi: "Mafuta hayawezi kwisha. Tume ilisimama kwenye kila kituo cha mafuta njiani, na kila kimoja kilikuwa nayo. Tume inapendekeza iongezewe magari." Bunge likapitisha kwa honi, kwa sababu wakati huo wabunge walikuwa wanakaa bungeni humo humo ndani ya magari yao.

Mafuta hayakuisoma ripoti. Yakaisha.

Waliokuwa karibu na visima wanasema zilisikika sauti kama za mlevi anayenyonya togwa mpaka chini ya kata. Krrr. Krrr. Halafu kimya. Foleni ya mji mkuu ilisimama siku hiyo na haikusogea tena. Mfaume aliliacha gari lake la bluu humo humo, akarudi Nambweta kwa miguu, usukani ameukumbatia kifuani kama mtoto aliyemwokoa kwenye moto.

"Kashiba?" Bi. Somoe alimuuliza.

Mfaume aliuliza kama kuna uji. Alikuwa na njaa mno.

*

Sasa hapa ndipo hadithi inaponitia kichefuchefu, na mwenye tumbo jepesi anaweza kuruka.

Serikali ilitangaza kuwa haijashindwa. Mheshimiwa Chuwachuwa akaongezewa cheo, akawa Waziri wa Magari na Chakula, "kwa kuwa," alieleza redioni, "wizara zote mbili kazi yake ni kujaza." Wataalamu wake walikuwa wamegundua kwamba karanga ikikamuliwa, mafuta yake yanaweza kuendesha gari la dizeli. Likaendeshwa. Likakohoa, likapiga chafya, likatembea. Waziri akalikumbatia boneti, akalia.

Zilianza kuchukuliwa karanga za kuuza. Zilipokwisha zikachukuliwa za kula. Wenye magari madogo waliambiwa wasubiri, kwani yanahudumiwa kwanza magari ya kitaifa, yaani ya wakubwa, ya wake zao, na lile la mbwa wa Mkuu wa Wakuu, ambaye alikuwa hawezi kulala bila kuzungushwa.

Na gari linaloendeshwa kwa karanga, ndugu zangu, linanuka. Linanuka vizuri! Likipita kijijini linaacha moshi wa karanga zilizokaangwa. Watu hawajala tangu jana, wanasikia gari linakuja, wanatoka mbio na kipande cha ugali mkavu mkononi. Wanakimbia nyuma ya gari, wanakata tonge, wanalipitisha kwenye moshi, wanameza. Nawasema watu wazima. Watu walioozesha mabinti. Wamefungua vinywa nyuma ya ekzosi, masizi yamewajaa kwenye ndevu, wanasukumana nani awe karibu na bomba. Na ndani ya gari Mheshimiwa anawatazama kwa kioo, anamwambia dereva wake Hongera:

"Ona wanavyonipenda."

"Nawaona, mheshimiwa."

"Punguza mwendo, wanipende vizuri."

Baadaye ikaonekana kwamba wananusa mno. Likatoka tangazo kuwa kunusa gari la serikali bila kibali ni wizi.

*

Bi. Somoe, kwa vile kila kaya ililazimishwa kuwa na gari, alikuwa amechagua lililo bovu kuliko yote. Halikuwa na injini wala taa. Lakini milango yake ilifunga sawasawa, na panya hawakuweza kuingia. Akalifanya ghala la mbegu.

Karani wa tarafa alipokuja kukagua magari ya kijiji alilizunguka mara mbili.

"Hili linatembea, mama?"

"Halitembei, mwanangu. Limekaa."

"Mbona vioo vimepakwa tope?"

"Jua kali."

Karani akafungua mlango, na karanga zikamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Akatabasamu mpaka fizi zikaonekana. "Mama! Gari lako limejaa mpaka kwenye paa!"

Bi. Somoe akajitupa mlangoni, mikono ameitanua. "Mbegu hizo! Mbegu si chakula, mwanangu. Wajukuu zangu wamelalia uji wa pumba na hawajagusa hata moja. Mimi mwenyewe sijagusa. Mvua ya kwanza ikinyesha, hizo zisipoingia ardhini, mwaka mzima hatuli. Unanisikia? Watoto watano."

"Kwani si umesema si chakula?"

"Si chakula."

"Basi hujapungukiwa chakula." Na akawaita vijana wapakie.

Bi. Somoe aliyafunga magunia yale mwenyewe, midomo yake ameikaza kwa vipande vya kanga yake ya msiba, kwa fundo lake, akitumaini sijui nini. Karani alimwonea huruma kidogo, kwa kadiri ya cheo chake. Akamwambia asihofu. Siku ya Kupanda Kitaifa imekaribia, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja kupanda mbegu ya kwanza ya taifa hapa hapa Nambweta, kwenye shamba la Bi. Somoe, kwa kuwa liko kando ya barabara na Mheshimiwa hatapata shida ya kushuka mbali.

"Na mbegu atakuja nazo?"

"Mama, anakuja kupanda! Atakuja na nini tena?"

Kwa hiyo Bi. Somoe akalima. Alilima karibu shamba lote peke yake, na Mfaume akamsaidia pale nguvu zilipomruhusu, udongo ukawa laini kama unga uliochungwa. Wakasubiri wingu na waziri, chochote kitakachotangulia.

*

Vilikuja pamoja.

Msafara ulitoka mji mkuu ukiwa wa magari mengi. Lakini mafuta ya karanga hayafiki mbali, na katika kila kijiji msafara ulisimama, ukatoa mashine ya kukamulia, ukakamua mbegu za kijiji kile, ukaendelea mpaka kijiji kinachofuata. Mengine yaliharibika njiani. Nambweta lilifika gari moja tu, jeusi, linang'aa, lina Mheshimiwa Chuwachuwa ndani, dereva wake Hongera, karani wa tarafa aliyedandia njiani, zulia jekundu, na mashine.

Zulia likatandazwa. Mheshimiwa akashuka juu yake peku, mdomo unameremeta mafuta, akapewa jembe lililofungwa utepe.

"Wananchi wa Nambweta! Mbegu ni uhai! Asiyepanda ni adui wa taifa, na mimi sitamvumilia! Ili mjue uzito wa jambo hili, nimetumia mbegu za vijiji kumi na vinne kuja kuwaambia umuhimu wa mbegu!"

Makofi. Wingu likanguruma upande wa mto.

Mheshimiwa akachimba kishimo bila kutoka zuliani. Akanyoosha kiganja nyuma ili apewe mbegu. Hakuna aliyempa kitu. Hongera akamnong'oneza kwamba mbegu zimekwisha, limebaki gunia moja la safari ya kurudi. Mheshimiwa hakubabaika, ndiyo maana aliitwa mheshimiwa. Akachukua bonge la mashudu kutoka kwenye mashine, yale makapi yaliyokwisha kukamuliwa, akayafukia, akashindilia kwa mpini, akasema, "Nimepanda!" Karani akapiga makofi mpaka kofia ikaanguka.

Lakini Hongera alikuwa ameacha buti la gari wazi, na Bi. Somoe aliliona gunia. Aliliona na fundo.

Akaja mpaka kwenye ukingo wa zulia, akapiga magoti kwenye udongo.

"Mheshimiwa, gunia lile ni langu. Kanga ile ni yangu. Mvua hiyo inaingia. Nipe nipande, sitaki kingine."

"Mama, nikikupa hilo, mimi nitarudije?"

"Unarudi wapi leo?"

"Kwenye nyumba ya wageni ya tarafa. Nyuma ya kilima."

"Nyuma ya kilima hiki?" Bi. Somoe aligeuka akakitazama kilima kana kwamba labda kimehama. "Mheshimiwa, hapo mimi naenda kuomba chumvi na narudi chungu hakijachemka!"

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Mheshimiwa akaangalia nyayo zake. Nataka kumtendea haki: alifikiri. Watu wote waliona uso wake ukifikiri, na jinsi kufikiri kulivyokuwa kunamuuma. Kilima kilikuwa kimoja. Watoto walikuwa watano, wamesimama hapo hapo mbele yake kwa urefu wao, mmoja ananyonya kidole kilichoshika masizi. Tone la kwanza la mvua likamwangukia Mheshimiwa kwenye pua.

"Hongera," akasema. "Kamua."

Mashine ikawekwa juu ya shamba lililolimwa. Fundo halikufunguka, wakalikata kwa kisu. Gunia zima likaingia mdomoni mwa mashine, mkono ukazungushwa, na mafuta yakatoka churuchuru, ya dhahabu, huku watu wamesimama wanameza mate kwa sauti. Mashudu yalipotupwa waliyarukia. Bi. Somoe hakuruka. Alisimama mvua inamlowesha, anasikiliza kila punje inavyopasuka.

*

Gari likaondoka. Lilifika katikati ya kilima likaanza kukohoa, kwa sababu mafuta yale hayakuchujwa na makapi yalikuwa yamejaa kooni mwake. Likazima. Magurudumu yakateleza kwenye tope. Hongera akashuka, akaweka zulia jekundu chini ya magurudumu, akawasha tena, gari likalila zulia lote likatoka nyuzi, halafu likazima moja kwa moja. Akashuka tena kuangalia injini.

Karani akaja mbio chini. "Wananchi! Sukumeni! Hii ni kazi ya taifa!"

Wakasukuma. Walikuwa hawana nguvu lakini walikuwa na mazoea. Mheshimiwa alibaki ndani, maana nje ni udongo mtupu na zulia halipo tena. Akafungua kioo kidogo, akatoa kashata mfukoni, akawa anatafuna na kuwatia moyo.

"Vizuri! Hivi ndivyo taifa linavyosonga mbele! Wewe wa kushoto, usilale!"

Wa kushoto alikuwa Mfaume. Kipande cha kashata kikatoka mdomoni mwa Mheshimiwa, kimeloa mate, kikaangukia mkononi mwa Bi. Somoe, aliyekuwa anasukuma nyuma ya Mfaume. Alikitazama. Akakifuta kwenye gari.

"Mfaume," akasema, taratibu kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. "Leo umekula nini?"

"Moshi, shemeji."

"Na wewe hapo?"

"Moshi."

"Na mimi moshi. Sasa tunasukuma kwa nguvu ya nini?"

Hakuna aliyetoa amri. Mkono mmoja ukaliachia gari, ukafuata wa pili, na wengine wakaona mikono yao nayo inaachia, wakaishangaa. Bi. Somoe akapisha pembeni, akawapisha na wajukuu.

Gari likaanza kurudi, polepole kwanza kama linaona haya, halafu kwa mwendo ambao halijawahi kuupata tangu lianze kula karanga. Mheshimiwa akapita kinyumenyume mbele ya wananchi wake, kashata mdomoni, anawapungia mkono kwa mazoea. Likaacha barabara, likaingia kwenye shamba la Bi. Somoe, kwenye ule udongo laini uliolowa, likazama mpaka magurudumu yote yakapotea. Likatulia. Mvua ikaendelea kulinyeshea kwa uangalifu, kama inavyonyeshea kitu kilichopandwa.

Karani alijificha. Hongera, ambaye kwa kuwa ni dereva tu alikuwa huru kutembea, alitumwa mji mkuu kuleta zulia jingine. Nasikia alipitiliza mpaka kwao.

Mheshimiwa alikaa ndani ya gari lake, akangoja zulia. Aliita, watu walimsikia. Alihutubia kidogo, kupitia kioo, kuhusu uvumilivu. Kashata zikaisha. Siku ya tatu asubuhi mvua ilipungua, Bi. Somoe akapita karibu akitafuta kwenye tope kama kuna punje yoyote iliyoikwepa mashine. Hakuipata. Kioo kikashuka.

"Mama."

"Abee, mheshimiwa."

"Huna kitu chochote? Hata karanga kidogo tu. Za kutafuna."

"Karanga zipo."

"Ziko wapi, mama yangu?"

"Kwenye tangi. Kifuniko kiko nyuma, upande wa kulia."

Hakucheka aliposema hivyo. Mheshimiwa alingoja kidogo mtu aje amfungulie, kwa desturi. Hakuja mtu. Mlango ukafunguka, mguu ukatoka, mweupe, umevimba, ukaning'inia hewani kama unaogopa kuungua. Halafu ukashuka, tope likapenya katikati ya vidole. Uwaziri uliishia hapo, kisheria. Lakini mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuuaga, maana alikuwa anakwenda kwa magoti akipapasa ubavu wa gari, akitafuta kifuniko, na alipokifungua alitia kidole mpaka mwisho, akakilamba, akatia tena.

Bi. Somoe hakubaki kutazama. Udongo ulikuwa bado na majimaji, na majimaji hayamngoji mtu. Akamwachia Mfaume watoto, akachukua kibaba, akafunga kanga kiunoni, akashika njia kwa miguu kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto kuomba mbegu, akimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba kule magari yawe hayajafika.